Hatua Saba za Upande wa Mashariki

Utepe wa kupimia wa Inspekta Stella Kiden ulikuwa umekatika kwenye mita ya kumi na mbili tangu mwaka jana, kwa hiyo aliupima uwanja kwa miguu yake mwenyewe. Saa mbili asubuhi ya Jumatano alianza kona ya kaskazini, akatembea mkono mmoja ukigusa ukuta, akihesabu kimoyomoyo huku wauza mihogo wakimtazama na kunong'onezana. Upande wa kaskazini ulimpa hatua sitini na tano. Upande wa kusini ulimpa sabini na mbili. Akarudia, maana hesabu ya polisi isiyorudiwa ni uvumi tu, na jibu likawa lile lile.

Hatua saba hizo za ziada ndizo zilizomtia Mzee Yakani ndani. Mzee alikuwa mwashi wa miaka themanini na mmoja, na tangu Jumatatu alikuwa analala sero, kwenye sakafu ya saruji. Kesho saa tatu angesimama mbele ya hakimu wa Koboko kwa kosa la kuhamisha mpaka. Hakimu akiamini maneno ya mlalamikaji, mzee angekwenda gerezani kumalizia huko uzee wake, na upande wote wa mashariki wa uwanja, matao sita pamoja na nyumba anayokaa, ungebomolewa. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa nyuma ya ukuta. Kuna watu wana haraka, jamani.

Mlalamikaji alikuwa Shafiki, mfanyabiashara mwenye kiwanja nyuma ya upande huo. Alidai kwamba mwaka 1987, watu waliporudi kutoka uhamishoni, Yakani aliyainua matao yaliyoanguka wakati wa vita lakini hakuyarudisha mahali pake. Aliyasukuma nje kidogo kidogo, kona ya kusini ikaingia kwenye kiwanja cha jirani hatua saba. Ushahidi wake ulikuwa mchoro wa mwaka 1965 uliosainiwa na aliyejenga uwanja, na mchoro ulionyesha mraba kamili, pande nne sawa.

Watu wa Koboko wanauita uwanja huo Palasa, kutoka neno la Kihispania la uwanja. Aliyeujenga alikuwa mmisionari wa Kihispania, Bruda Anselmo Ledesma, mtu wa mji wa Salamanca. Kwao kuna uwanja mkubwa uliozungukwa na majumba ya ghorofa, wenye matao themanini na manane chini yake, ambako watu hutembea jioni wakizunguka bila safari yoyote, na miadi yote hufanywa chini ya saa ya ukumbi wa mji. Bruda aliukumbuka mpaka ukamtia wazimu wa upole. Misheni ilipompa kipande cha ardhi ajenge soko, akajenga robo ya nyumbani kwao, matao ishirini na mawili ya mawe mekundu, hakuna ghorofa wala saa. Kati ya tao na tao aliweka duara la chokaa. Salamanca maduara kama hayo yana sura za wafalme, manahodha na watakatifu, na mengine yameachwa matupu yakingoja watu ambao hawajazaliwa. Ya Koboko aliyaacha matupu yote.

Stella alikuwa na miaka mitano aliporudi na mama yake kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, Sudani. Mama aliuza simsim chini ya tao la nne, na watoto wa soko kila mmoja alikuwa na duara lake. Ukiuliza, mtoto alikuonyesha kidole bila aibu: pale ndipo watanichonga mimi. Wakati huo Palasa ilinuka chokaa mbichi na samaki mkavu, na sauti za akina mama zilizunguka chini ya matao zikakurudia kutoka upande wa pili. Stella aliyakumbuka hayo akiwa na daftari mkononi. Yule mwanamume mrefu aliyepanda ngazi na kamba ya timazi mdomoni, ambaye watoto walikatazwa kumsemesha akiwa kazini, ndiye sasa aliye ndani.

Tatizo ni kwamba mzee mwenyewe hakutaka kusaidiwa. Jana Stella alimwuliza kama aliyasogeza matao. Mzee alijibu kwa hasira kwamba kila jiwe alilirudisha pale pale lilipokuwa, na msingi hakuugusa. Basi uwanja umekwendaje kombo? Hapo mzee akaugeukia ukuta.

"Andika tu, afande," alisema. "Hiyo kosa iko ya mimi."

Sajini Obeti, dereva na mwandishi wa maelezo, aliandika. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Mtu amekiri, tukanywe chai. Stella hakuridhika. Mtu anayekana tendo na kukubali kosa kwa pumzi moja hajasema uongo, ila kuna kitu hajakisema.

Kutoka uwanjani alikwenda dukani kwa Shafiki. Shafiki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa askari wa zamani, mpole kwa wateja, mwenye kiburi kidogo cha mtu aliyeinuka kwa jasho lake, na alimkaribisha inspekta kwa kiti na soda. Aliutandaza mchoro mezani kwa uangalifu wa mtu anayekunjua kitambaa cha arusi. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia, mistari safi, saini ya Bruda chini kulia. Stella aliuangalia kwa muda mrefu. Mistari hakuigusa. Alisoma maandishi ya juu tu, mara mbili.

Alimwuliza Shafiki kama anakumbuka siku Koboko ilipopewa wilaya yake. Shafiki akacheka, akasema atasahauje, mwaka 2005, walichinja ng'ombe na yeye alicheza mpaka viatu vikapasuka. Kabla ya hapo, Stella akauliza, tulikuwa wilaya gani? Shafiki akajibu kwamba tulikuwa chini ya Arua, na zamani zaidi yote ilikuwa West Nile tu. Stella akamgeuzia karatasi, akaweka kidole juu ya kichwa cha mchoro: WILAYA YA KOBOKO, 1965.

Shafiki alisoma. Akasoma tena, safari hii midomo ikichezacheza. Uso wake ulibadilika polepole, na Stella, ambaye ameona watu wengi wakijifanya wameshtuka, aliona kwamba huyu hajifanyi.

"Mimi sikutengeneza hii," Shafiki alisema. "Moris alinipa. Alisema iko ya kweli."

Moris alikuwa mpima ardhi binafsi mwenye ofisi Arua. Obeti alijaza mafuta, wakashika barabara. Njiani sajini alitaka kujua kama sasa mzee yuko huru. Stella alimweleza kwamba bado. Mchoro wa uongo unamharibia Shafiki, lakini haumsafishi Yakani. Uwanja uko kombo, kila mtu mwenye miguu anaweza kuhesabu, na fundi mwenyewe amesema kosa ni lake. Hakimu atauliza swali moja tu: kama hakuusogeza, kwa nini haukunyooka? Obeti alikuna kidevu, akakubali kwamba hilo hata yeye angeliuliza.

Ofisi ya Moris ilikuwa chumba cha juu kwenye barabara inayopanda Arua Hill, chenye mashine ya kuchapia na kalenda tatu za miaka tofauti. Moris alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alianza na maneno makubwa ya taaluma yake. Stella alimwacha amalize, kisha akamwekea mchoro mbele na kumwomba asome kichwa chake kwa sauti. Alisoma. Alipofika kwenye mwaka, akaiweka karatasi mezani.

Akaeleza yote, na kwa kweli alionekana kupata nafuu kueleza. Mchoro wa asili ulikuwapo. Mjomba wake Shafiki, aliyemwuzia kiwanja, aliupata kwenye makaratasi ya soko, umeliwa nusu na mchwa. Moris aliuchora upya, akaichovya karatasi kwenye chai, akanakili saini kwa kuiweka juu ya kioo cha dirisha. Nusu ya zamani aliitupa.

"Hiyo nusu ilionyesha nini?" Stella akauliza.

"Laini ya mashariki ilikuwa kombo, afande. Mimi nilinyoosha tu."

"Nani alikwambia unyooshe?"

"Karatasi ya zamani inajikunja. Na mzungu wa misheni hawezi kujenga kombo."

"Na fundi mweusi?"

Moris aliangalia viatu vyake. Obeti, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika. Wote watatu waliona aibu kwa wakati mmoja, kwa sababu Stella naye, tangu asubuhi, alikuwa anatafuta ni lini Yakani aliharibu. Hakuwa amejiuliza hata mara moja kama Bruda alitaka hivyo. Wote wameanzia mahali pamoja: kombo ni ya kwetu, unyoofu ni wa kwao. Alimkasirikia Moris, akajikasirikia na yeye.

Alimpa Moris karatasi ya maelezo asaini kila ukurasa, akamwonya asitoke Arua. Kisha akasimama dirishani na simu yake, akatafuta Salamanca. Picha zilikuja tele, mawe ya rangi ya asali, watu wakinywa kahawa, njiwa. Kwenye picha ya kutoka angani uwanja ulionekana mraba, lakini alipoweka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu upande mmoja ulikataa kulingana na mwenzake. Akauweka upande mwingine. Nao ukakataa. Kumbe hata kwao Bruda uwanja ulikuwa kombo. Ila picha ya simu isingemwambia hakimu Bruda aliwaza nini mwaka 1965. Alihitaji mkono wa Bruda mwenyewe, na Bruda alikuwa amerudi kwao mgonjwa na kufa huko kabla Stella hajazaliwa.

Ndipo alipomkumbuka Poni. Hadithi hiyo kila mtoto wa uhamishoni aliisikia. Mwaka wa sabini na tisa, Koboko yote ilipokimbia kwenda Sudani na Kongo, watu walibeba unga, sufuria na watoto. Poni, aliyekuwa mpishi wa misheni, alibeba kichwani sanduku la chuma la mzungu aliyekwishaondoka. Walimcheka njia nzima. Stella alimpigia mama yake simu, na mama, baada ya kumwuliza kwanza kama amekula, alisema Poni yuko hai, anakaa mji mdogo wa Inde kwa binti yake, karibu na soko.

Walimkuta amekaa kwenye mkeka akichambua maharagwe, mwembamba, macho makali. Stella alipiga goti kumsalimia, akajitambulisha kwa jina la mama yake kabla ya cheo chake, na hilo lilifungua mlango. Poni aliuliza habari za kila mtu wa Palasa, tao kwa tao, waliokufa na waliobaki. Aliposikia kwamba Yakani yuko sero, aliacha maharagwe. Akasema Yakani hakuwahi kuiba hata msumari. Akasema Bruda alimpenda kama mtoto na kumtania kila siku, kwa sababu Yakani alikuwa na ugonjwa wa unyoofu. Hata sahani mezani aliisogeza ilingane na ukingo.

Kuhusu sanduku, alisita. Bruda alimwambia amtunzie mpaka arudi. Hakurudi. Miaka sitini hakuna aliyelifungua, na yeye mwenyewe hajui kusoma.

"Watu walinicheka mpaka Yei," alisema. "Mimi nilisema, hii iko kitu ya mutu. Mwenyewe atakuja."

Stella alimwambia taratibu kwamba mwenyewe hatakuja tena, lakini kilichomo humo huenda kikamtoa Yakani. Poni aliangalia nje, akafuta mikono kwenye kitenge. Kisha akamwita binti yake alete nyundo, maana ufunguo ulipotea Sudani.

Ndani mlikuwa na kanzu, rozari, kadi za posta za Salamanca zilizofifia, na daftari la kazi la ngozi. Stella aligeuza kurasa kwa ncha ya kalamu. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa uwanja wa kwao, vipimo vinne kwenye pande nne, na hakuna viwili vilivyolingana. Chini yake Bruda aliandika kwa Kiswahili cha misheni, pengine kwa ajili ya mazoezi, kwamba ule uwanja ulianza mwaka 1729 na kumalizika 1755, ukajengwa mahali palipokuwa soko la zamani, na kanisa la Mtakatifu Martino lilikuwa limeshakaa kusini na halikuondoka. Basi mafundi wakajenga kwa nafasi waliyoipata, na mwisho wa yote ukawa uwanja mzuri kuliko viwanja vyote vya Hispania. Mgeni akisimama katikati anaona mraba, aliandika. Mwenyeji anajua kwa miguu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Palasa. Kaskazini sitini na tano, kusini sabini na mbili. Tarehe ya Machi 1965. Na chini, mistari minne ambayo Stella aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye mkeka, akaisoma tena.

Alifanya yote yanayotakiwa. Obeti aliandika maelezo ya Poni, Poni akatia dole gumba, daftari likafungwa kwenye bahasha na kupewa namba ya kielelezo. Stella alimwomba Poni msamaha kwa kuvunja sanduku. Poni akajibu kwamba bora lilivunjwa kwa ajili ya Yakani kuliko kwa ajili ya mchwa. Barabara nzima ya kurudi Koboko inspekta alikaa na bahasha mapajani, macho yake juu yake. Obeti, mtu asiyependa kimya, alijaribu habari za mpira mara mbili, akaacha.

Walifika jua likiwa bado halijazama. Stella alimpigia mwendesha mashtaka, akamsomea maelezo ya Moris na kurasa mbili za daftari, na yule akasema shauri halina miguu tena, atalifuta asubuhi, mzee aende nyumbani kwa dhamana, usiku usije ukamkuta humo. Shafiki alikuwa ameshatuma ujumbe mwenyewe kwamba tingatinga limeondoka. Stella alichukua funguo, akaenda sero mwenyewe, akafungua mlango na kuuacha wazi. Mzee Yakani alikuwa ameketi ukutani, mikono mikubwa juu ya magoti.

Stella alimwambia yuko huru. Mzee hakuinuka. Alisema tena, kwa uchovu, kwamba kosa ni lake, mtu asimdanganye kwa huruma. Stella akakaa sakafuni mkabala naye, wala hakujali sare, na kumwomba amweleze kosa hilo lilitokea lini.

Na mzee, kwa kuwa sasa hakuna aliyeandika, akaeleza. Bruda alishikwa na homa wiki ya kufungua Palasa, wakambeba kwenye machela, wakampeleka Arua, na kutoka huko akapelekwa kwao. Siku iliyofuata Yakani alipima kazi, peke yake, kwa fahari. Akakuta hatua saba. Alipima mpaka jioni. Kamba ya kuongozea ukuta ilikuwa imefungwa na Bruda alfajiri, na Bruda hakosei, basi ni yeye aliyetoka nje ya kamba wakati wa kujenga. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Bruda hakuandika barua hata moja, na Yakani alielewa kwa nini. Mwaka wa themanini na saba angeweza kuunyoosha. Alikataa. Alirudisha kila jiwe kwenye kombo yake ili asijisahau.

Stella akafungua bahasha, akasoma polepole, kama mtu anavyomsomea mgonjwa.

"Upande ya mashariki iende kombo hatua saba, kama kwetu. Nitafunga kamba mimi mwenyewe asubuhi. Yakani asijue, atanyoosha. Siku ya kufungua nitamwambia, tutacheka sana."

Mzee alinyoosha mkono, akaomba aone. Kusoma aliweza, kwa shida. Alipitisha kidole chini ya kila neno, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Alipofika kwenye jina lake akasimama hapo.

"Kumbe mkono yangu haikukosa," alisema.

"Haikukosa, Mzee. Ulifuata kamba vizuri sana."

Mzee alitikisa kichwa. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, na mwanzoni Stella hakuelewa anahesabu nini. Kanisa kubwa la Arua walipotaka kulijenga upya walikuja kumwita, akasema hapana. Shule ya mji wa Moyo, hapana. Msikiti wa soko, ndugu za mke wake walimbembeleza siku tatu, hapana. Daraja. Nyumba ya mkuu wa wilaya. Kila mara aliwaambia watafute fundi mwenye mkono ulionyooka, na miaka yote sitini yeye amejenga majiko na vyoo, ambavyo vikienda kombo hakuna anayelia. Vidole vilimwisha, akaanza upya kwenye mkono wa kwanza.

"Soma tena," alisema. "Pale anasema tutacheka."

Stella akasoma. Mzee Yakani alijaribu kucheka kwa ajili ya Bruda. Alijaribu kweli, mabega yakatikisika, na sauti iliyotoka haikuwa kicheko. Obeti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia na kuondoka bila kuambiwa. Stella alibaki sakafuni akiwa ameshika daftari, akangoja mpaka mzee alipomaliza.